Mabakuli ya Tuire

"Zimepotea tena," Jarkko alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakuongeza mzaha wowote.

Tuire Kallunki alisogeza kiti chake karibu. Alisukuma miwani juu ya pua akaitazama hesabu kwenye skrini ya mwenzake, hesabu ya pakiti za data zilizofika zikakosa pa kuwekwa. Ilikuwa imetulia kwenye sifuri muda mrefu, halafu ikapanda ghafla kama maziwa yanayofurika jikoni. Alimwomba arudie. Jarkko akarudia, ikapanda palepale. Ofisi nzima ilinukia supu ya njegere, maana ilikuwa Alhamisi, siku ya supu hiyo kote Finland.

Badiliko la programu aliloliandika Tuire lilitakiwa lifike makao makuu Ujerumani kabla ya saa tisa alasiri. Likikubaliwa, watu sita wa ofisi hii ya Oulu wangebaki na kazi. Likikataliwa, ofisi ingefungwa. Mervi, mwanamke aliyekuwa mkuu wao, hakuwaficha hilo. Tuire alikuwa na miaka hamsini na saba. Alishawahi kupunguzwa kazi hapahapa mjini, akakaa nyumbani misimu miwili ya baridi, akifungua pazia asubuhi na kulifunga alasiri, na simu haikulia. Niseme wazi: mama huyu aliogopa.

Kazi yake ilikuwa kiendeshi cha mtandao, yaani programu inayopokea data, cha kompyuta pepe, zile kompyuta zisizo na mwili, zinazojazana kwa makumi ndani ya mashine moja. Kila pakiti inayoingia lazima ikute nafasi tupu inaisubiri kwenye kumbukumbu. Ofisini waliziita nafasi hizo mabakuli. Pakiti isiyokuta bakuli hutupwa. Kiendeshi cha zamani kilimwekea kila mgeni bakuli kubwa, hata aliyekuja na punje moja, na kumbukumbu nyingi ilikaa bure. Tuire alikifundisha kutazama ukubwa wa pakiti zilizopita karibuni, kipige wastani, kisha kiandae mabakuli ya kiasi hicho. Matumizi ya kumbukumbu yakashuka kwa nusu. Mervi alipoiona hiyo nusu alikwenda kusimama dirishani, akawapa mgongo, na watu wakajifanya hawaoni kwamba analia.

Lakini Tuire alikuwa amepima kama sote tunavyopima: bomba limefunguliwa hadi mwisho, data inamiminika sawasawa. Jarkko hakupima hivyo.

"Nani alikutuma?" Tuire aliuliza.

"Mteja."

"Mteja hajakutuma kitu."

"Mwenendo wake, basi. Hawa wanahifadhi picha za hospitali, Tuire. Kutwa nzima mashine zinasalimiana tu. Upo? Nipo. Upo? Nipo. Halafu mtu anapigwa picha ya kichwa, mzigo wote unashuka kwa mkupuo. Kiendeshi chako kimeshazoea salamu. Kimepanga vikombe vya kahawa, na hapo ndipo inapoletwa sufuria ya jeshini."

"Mzigo unagawanywa kwenye vikombe vingi."

"Unagawanywa. Vikombe vinaisha kabla kiendeshi hakijaleta vingine."

"Zinazopotea zinatumwa upya. Picha itafika."

"Itafika. Nenda kamwambie daktari asubiri."

Tuire alivua miwani. "Wiki nzima umekaa kimya, leo ndiyo unanitia mchanga kwenye kitumbua."

"Mchanga nimeukuta, sijautia mimi. Unataka jina langu pale chini, au hulitaki?"

Alilitaka. Katika kazi hii, chini ya kila badiliko huandikwa jina la aliyeliandika na la aliyelijaribu, na majina hayo hayafutwi. Miaka mingi baadaye mtu usiyemjua atauliza mstari huu uliletwa na nani, naye atajibiwa. Bila jina la Jarkko badiliko lisingeondoka, na Jarkko, pamoja na porojo zake zote, hakuwahi kuliweka mahali ambapo hakujaribu.

Basi Tuire akarudi mezani kwake. Kwanza alikifundisha kiendeshi kusahau haraka, kisishikilie salamu za jana. Kikasahau mno. Pakiti kubwa moja ilikitisha, kikapanga mabakuli makubwa kila mahali, na kumbukumbu yote iliyookolewa ikapotea. Akakipunguzia woga, hesabu ya pakiti zilizotupwa ikapanda tena. Wenzake walikwenda kula, wakarudi. Jarkko alimletea supu na kuiweka kando ya kibodi, haradali imepakwa ukingoni kama anavyopenda. Hakuigusa. Kila alipoitazama saa alijichukia kwa kuitazama.

Mervi alitoka kwenye chumba chake cha vioo.

"Mbona bado halijaenda?"

Tuire alimweleza. Mervi alisikiliza akiwa amesimama, mikono kifuani.

"Makao makuu wanapima vipi?"

"Bomba wazi. Kama nilivyopima mimi."

"Kwa hiyo lile la jana litapita."

"Litapita."

"Basi lipeleke lile. Hili jingine tutalirekebisha kwenye toleo lijalo."

"Toleo lijalo ni baada ya theluji kuyeyuka, Mervi. Watu hawaachi kuumwa vichwa wakati wa baridi."

Mervi aliinama, akashusha sauti. "Nina watu sita. Sikuombi useme uongo. Nakuomba usijibu ambacho hujaulizwa."

Aliondoka kabla hajajibiwa. Tuire alibaki akiitazama skrini. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba maneno yale yalimwingia vizuri, kama mto chini ya kichwa kilichochoka. Nani angejua? Hata Jarkko alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Akibembelezwa kidogo, huenda angelegea. Tuire aligeuka kumtazama. Jarkko alikuwa akiangalia meza yake mwenyewe, masikio mekundu. Alikuwa amesikia kila neno, na alikuwa akingoja abembelezwe.

Tuire hakumbembeleza. Alifungua kazi yake upya akafanya jambo alilolikwepa tangu asubuhi. Alitenga akiba ya mabakuli makubwa, yakae pembeni siku zote, yasiguswe na salamu, yawasubiri wageni wenye mizigo hata wasipokuja. Ilikuwa njia isiyo na ujanja wowote. Jarkko akaachia mkupuo. Hesabu ikabaki sifuri. Akaachia mwingine, mzito zaidi, ikabaki sifuri.

"Tumeokoa kiasi gani?" Jarkko aliuliza.

"Moja ya tano."

Jarkko alipiga mluzi wa chini. Nusu ilikuwa imeahidiwa, na nusu ndiyo iliyokuwa imewafanya wale wa Ujerumani wairudishe mezani kalamu ya kuifunga ofisi. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Tuire aliandika maelezo yake kwa maneno machache: badiliko hili linaokoa moja ya tano, si nusu kama ilivyotajwa awali. Njia ya awali hupoteza pakiti pale mzigo mkubwa unapofuata ukimya. Mervi alikuwa amerudi, anasoma juu ya bega lake.

"Hiyo sentensi ya pili ina lazima gani?"

"Mficha maradhi..." Jarkko alianza.

"Nyamaza, Jarkko," walisema wanawake wote wawili.

Jarkko alinyamaza. Ila alivuta kibodi akaandika jina lake chini ya la Tuire, herufi baada ya herufi, kwa vidole viwili. Mervi aliyatazama yale majina mawili. Hakusema tuma, wala hakusema usitume. Alirudi kwenye vioo vyake akaketi, na Tuire akabonyeza.

Saa tisa ilipita. Simu ya Mervi ikalia. Walimwona akisikiliza, akitikisa kichwa, akijibu neno moja moja. Kisha akatoka na simu mkononi, uso umemparama, akaiweka katikati ya meza ya Tuire na kufungua sauti ili wote wasikie.

"Ni Detlef wa makao makuu," alinong'ona. "Anamtaka aliyeandika."

"Bi Kallunki." Sauti ilikuwa ya adabu na ya mbali. "Hapa nasoma moja ya tano."

"Ndiyo."

"Mlituahidi nusu."

"Nilipima vibaya."

Mervi alifumba macho. Kimya kikaingia. Sisi watu wa Oulu kimya hakitutishi, tunaweza kukikalia hata tukamaliza chungu cha kahawa. Lakini kimya cha Mjerumani kwenye simu ni kitu kingine. Jarkko alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Vibaya vipi?" Detlef aliuliza, na kutoka kule kwake ukasikika mlango ukifungwa, kisha kiti kikiburutwa karibu na meza, kama cha mtu anayetaka kusikiliza hadi mwisho.