Mlinzi Asiyemwangalia Mama Mkwe

Mimi Babirye sina mdomo mtamu, na wateja wangu wanajua. Naendesha boti ya starehe hapa Juba, ukiipita bandari kidogo, pale wanapokaanga samaki. Boti inavuta mpira mkubwa uliojazwa upepo, watu wanaukalia wawili wawili, mawimbi yanawarusharusha, wanapiga kelele mpaka sauti zinawakauka. Hutaki kuvaa jaketi la kuelea? Shuka ukanywe soda. Lawa yako, hilo shuka la kufunga begani, inaning'inia? Ifunge kiunoni, ikaze, mapanga ya injini hayachagui nguo. Na bila mlinzi siondoki. Macho yangu yako mbele kwenye mto. Mlinzi anakaa amenipa mgongo, macho yake kwa watu walio kwenye mpira, basi.

Mlinzi wangu ni Kuany, kijana mpole, mrefu mpaka boti inaonekana fupi. Alikuwa anamchumbia Adut. Wajomba wa Adut walishakubali, limebaki neno la mama tu. Sasa kwao Wadinka, mchumba hamwangalii mama mkwe usoni. Akimwona njiani anakata kona. Sisi Waganda tunayo hayo hayo. Ukimgusa mama mkwe, wanasema, mikono itakutetemeka mpaka uzeeni. Kwa hiyo sikuwahi kumcheka.

Jumapili moja akina mama wa kanisa wakaja baada ya ibada. Kuany akachungulia, akajificha nyuma ya mapipa ya petroli.

"Dada Babirye, yule wa lawa ya kijani ni mama yake Adut! Mimi sipandi."

"Mlinzi mwenzako Robert anaumwa malaria. Nani atalinda?"

"Akijua nimemwangalia, Adut nimemkosa."

Banange! Nikaenda kumwomba huyo mama aje siku nyingine. Wapi! Keshavaa jaketi, keshaukalia mpira na rafiki yake Jacinta, anacheka kama msichana. "Miaka yote ukimbizini Uganda kazi yangu na maji ilikuwa kuyachota," akaniambia. "Leo nayachezea."

Nikarudi kwa Kuany. "Mwangalie jaketi, uso uache." Akakubali shingo upande.

Tukaondoka. Kila nikiuliza, "Wako sawa?" anajibu, "Sawa." Kumbe amefumba macho! Nilijua pale boti moja kubwa ilipotupita kasi, wimbi lake likaupiga mpira, Jacinta akapiga ukelele.

"Kuany, kuna nini?"

Akachungulia kwa jicho moja. "Mmoja hayupo."

"Yuko wapi?"

"Dada, nilifumba."

Nilimtukana kwa Kiganda, nikamalizia kwa Kiarabu cha Juba. "Fumbua, mjinga wewe! Unataka mama wa watu afe kwa adabu yako?"

Akasimama, akatafuta. "Yule!" Akanyoosha kidole na hakukishusha tena, maana kichwa cha mtu mtoni ukigeuka tu umekipoteza. Jaketi lilimshika Mama vizuri, lakini boti nyingine ilikuwa inakuja kutoka bandarini, pua juu, dereva haoni kitu. Kuany akanyakua kitambaa chekundu tunachokaa nacho, akakipunga kwa mkono wa pili, akapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Dereva akakata kona dakika ya mwisho.

Nikasogea polepole, nikazima injini kabisa, nikachomoa na ufunguo. Tukaelea hadi alipo. Nikajaribu kumvuta peke yangu, nikashindwa. Mama ana mwili wake. Kuany akaja, akamshika mkono huku shingo ameigeuzia ng'ambo ya mto.

"Wewe!" Mama akafoka. "Unanivuta mimi au unavuta hewa? Angalia unachoshika!"

Akaangalia. Akavuta kwa nguvu zote, wakaangukia wote ndani ya boti, pua kwa pua. Kuany akaficha uso kwenye viganja.

"Kalas, imekwisha," akanong'ona. "Adut amekwenda."

Nilimwonea huruma mpaka hasira zikaniisha.

Mama akakohoa maji, akakaa vizuri. Heshima ilikuwa imemrudia, akasema na mimi badala ya kusema naye. "Binti, mwambie huyo kijana kuniangalia si kosa. Kule majini nilitafuta macho ya mtu, nikayaona yake, nikatulia. Amekosa pale alipoyafumba. Mtu atakayemfumbia macho mwanangu simtaki."

"Mwambie Mama sitafumba tena," Kuany akasema ndani ya viganja.

Nikamwambia, ingawa walikuwa goti kwa goti.

Mama akakamua lawa yake. "Basi mwambie mkwe wangu akae sawa. Narudi kwenye mpira. Jacinta hawezi kuufaidi peke yake."

Kuany akainua kichwa. "Ameniita nani?"

"Amesema mkwe."

Mama akapanda tena mpira, tukakagua jaketi lake. Nikawasha injini, nikageuka kumwangalia mlinzi wangu. Amekodoa macho kweli, lakini machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Nikazima.

"Mbona hatuendi?" Mama akaita kutoka kwenye mpira.

"Tunamsubiri mkwe wako amalize kulia, Mama. Hivi alivyo, hakuoni."