Nguvu za Mwezi Kumi na Nne

Kila mwezi ulipotimia, Bimdogo, mjane wa miaka sitini na mitatu, alidarizi kofia mchana kutwa, akapaka chokaa kuta za ua, akapanda ngazi za nyumba yake ya Mji wa Kale mbili mbili. Siku hizo hizo mtumishi wake Mejumaa hakuweza kuinua mchi. Alilala jikoni mpaka mwezi uanze kupungua.

"Nguvu anazo," Bimdogo alimwambia Mwalimu Jaffar, mtabiri wa nyota. "Ana mahali azipelekapo."

Alimshuku Charo, mkwezi wa minazi wa Kisauni aliyemposa Mejumaa. Alikuwa amewachungulia dirishani, akanusa hata kanga za msichana, asipate kitu. Kwa shuku hiyo alimnyima Mejumaa mara tatu ruhusa ya kwenda kuolewa.

Mwalimu alifungua kitabu chake cha falaki. Rajabu kumi na nne mwezi ungepatwa, akasema, na anayeshika nguvu za mwenzake akinywa kombe saa hiyo, magoti humlegea, nguvu zikarudi kwa mwenyewe mpaka mwezi uachiliwe.

"Wallahi," Bimdogo akaapa, "nguvu za mtumishi ni za bibi yake. Mejumaa akinywa asilegee, kesho namfungia mzigo kwa mikono yangu, aende kwa mumewe."

Mwezi ulichomoza umeshaliwa nusu. Mtaani watoto walipiga masufuria, na msikitini watu walikuwa wakisali. Mwalimu aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akazisuuza kwa marashi. Mejumaa akanywa mafunda matatu, akabaki amesimama.

"Vipi, mwanangu?"

"Sina neno, Mwalimu."

Maji kidogo yalibaki. Maneno ya Mungu hayamwagwi, basi Bimdogo akaichukua sahani akayamaliza. Magoti yakamlegea, akakaa sakafuni. Mejumaa alimbeba kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akasogeza kinu kilichozuia njia, akampandisha ghorofani, akamlaza. Mwalimu alifuata na taa.

"Zilikuwa zake," akasema.

"Nimeona. Mimi si kipofu."

Mejumaa alisimama mlangoni. "Basi kesho naenda, Bibi?"

Bimdogo aliitazama mikono yake. Haikuweza kuinua hata mto.

"Mwalimu, kafara ya kuvunja kiapo ni nini?"

"Kulisha maskini kumi."

"Kwa mchele huu wa kadi ya mgao? Mimi mwenyewe haunitoshi."

"Asiyeweza hufunga siku tatu."

"Basi nitafunga."

Mwezi ulipoachiliwa, Mejumaa alishuka ngazi akijishikiza ukutani. Mwalimu alimmulikia mpaka chini, akaenda zake kusali isha.

Bimdogo alifunga Shaaban tarehe kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano. Hakuona njaa wala uchovu. Siku ya pili Charo alibisha hodi, amevaa kanzu mpya. Bimdogo alimjibu kwa upole kutoka dirishani kwamba mchumba wake amelala, hana hata nguvu za kufungua mlango.