Maziwa ya Dada Thora

Alhamisi ile Thora aliyamwaga maziwa yote chini, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kutupa hata ganda la mkate.

Mumewe, Orson, akatoka zizini mbio. "We mama, umepagawa? Riziki ya Mungu hiyo!"

"Njoo umtazame ng'ombe mdomoni."

Orson hakuja. Alishaona. Ni vidonda vilevile vilivyowatoka kondoo wake, tangu wingu la bomu la nyuklia la majaribio lilipovuka kutoka Nevada na kumwaga jivu kwenye malisho yao huku Utah. Kondoo wakanyonyoka manyoya, wanakondoo wakazaliwa wamekufa. Maafisa walikuja, viatu vinang'aa, wakasema wanyama wamekosa lishe. Loh! Mchungaji wa miaka arobaini kuambiwa na watoto wa juzi kwamba hajui kulisha! Orson alifoka siku nzima, lakini serikali yake hakuitilia shaka.

"Kungekuwa na hatari wangetuambia," alikuwa amemwambia Thora siku walipoviona vidonda vya ng'ombe mara ya kwanza. "Vijana wetu wako vitani Korea, mke wangu. Funga domo."

Na Thora akalifunga.

Balaa ni kwamba maziwa yale hawakuyanywa peke yao. Jirani yao LaRue alijifungua, kifua kikamkauka, na kama ilivyo desturi ya akina dada wa kanisa lao, Thora akawa anampelekea kopo la maziwa kila asubuhi bila kungoja kuombwa.

Alhamisi hiyo alikwenda na kopo tupu. LaRue alikuwa mlangoni, mtoto begani.

"Umechelewa, Dada Thora! Mwenzio hapa kashaanza kututukana. Hebu ona hayo mashavu, maziwa yako hayo!"

Thora alimwonyesha kopo tupu. "Usimpe tena, Dada LaRue. Ng'ombe ana vidonda. Kama vya kondoo."

Kicheko kikamkatika LaRue. "Umeviona leo?"

Jibu rahisi lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: ndiyo, leo. Angelisema hivyo, wangelia pamoja, na udada wao ungebaki. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kifo cha nani.

"Jumapili," alisema Thora.

LaRue alihesabu kwa vidole mgongoni mwa mtoto: Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kisha akaingia ndani, akarudi na kikombe cha maziwa yaliyobaki jana, akamtia Thora mkononi.

"Haya, yanywe."

Thora akayanywa yote, palepale mlangoni, huku mtoto akiyalilia.