Mpaka Jengo la Pili

...arobaini na moja, arobaini na mbili, sauti yake mwenyewe haimwambii kitu, kama ya mtu anayehesabu matofali ya nyumba isiyo yake, arobaini na tatu, kipaza sauti vidole vinne kutoka mdomoni kama karatasi ya maelezo inavyoagiza, sindano ya kipimo imesimama kwenye wati moja kasoro kidogo, haipandi haishuki, na yeye fundi redio juu ya stuli yake anaitazama bila furaha wala karaha, arobaini na nne, wakati zamani, mtambo ukiwaka mara ya kwanza bila kutoa moshi, angepiga kelele mpaka fundi viatu wa chini apande kuuliza kuna nini. Mtambo wenyewe mdogo, unaenea kiganjani, ulikuja vipande vipande ndani ya boksi, akauunga kwa risasi ya kuchomelea siku sita, na mwenye nao ni mwalimu mkuu, kibali chake cha kurusha matangazo anacho ndani ya faili, anataka somo linalosomwa jengo la kwanza la shule lisikike jengo la pili, kule juu ng'ambo ya daraja, "lisikike, fundi, si livume kama nyuki"... jana aliufunga kwenye ile rezista nene inayokaa mahali pa antena, saa nzima, haukupata hata homa, leo antena iko juu ya paa kwenye bomba la chuma, na kipimo kilichobaki ni cha miguu: mmoja anaongea, mwingine anatembea na redio mpaka sauti ikatike. Anayetembea ni mke wake. "Leo nitatembea mimi," alisema asubuhi akikunja shuka, maneno matatu, yalizidi ya jana, akavaa raba, akafika hapa, akaziruka redio mbili nzuri za rafuni akachukua ile ya marehemu mama yake. "Hii ikishika, itashika ya yeyote"... arobaini na tano.

Redio ile. "Mkwe, redio yangu inaongea na kunyamaza kama mtu mwenye kwikwi," mama mkwe alikuwa akimwambia, naye, "Kesho, mama, nitapita," na kesho ikazaa kesho, mpaka akambandika jina, Fundi Kesho, kila akipiga simu anaanza na hilo, "Fundi Kesho, hujambo mwanangu? Hiyo kesho yako haina asubuhi?" na anacheka mwenyewe kabla hajajibiwa... arobaini na sita, arobaini na saba... siku mbili baada ya mazishi aliifungua, akakuta waya wa antena umeachia, nukta moja ya risasi, dakika tatu, akaifunga, akakaa nayo mapajani akingoja machozi kama mtu angojaye mgeni aliyeahidi, hayakuja, mpaka leo hayajaja, miezi mitano anakula, analala, anachomelea, watu wanamwambia "pole" anasema "tumeshapoa", kama amechomwa sindano ya ganzi ya daktari wa meno, ila mwili mzima... simu inatetemeka mezani, mke wake.

"Nipo kwenye kiwanda cha mbao," anasema, nyuma yake msumeno unalia, "unasikika, inakwaruza kidogo. Lakini namba zinachosha. Sema kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote. Miezi mitano hujasema kitu, sema chochote," na akakata.

Kiwanda cha mbao, aandike, mkwaruzo kidogo, ameandika, na sasa aseme nini, achukue karatasi ya maelezo aisome, anaisoma, "usiwashe mtambo kabla ya kufunga antena, transista itaungua," anaisoma kama taarifa ya habari, "hakikisha bati la kupozea limekazwa," na huko barabarani mke wake anamsikiliza ndani ya redio ya mama yake, simu mfukoni, ile simu ambayo siku hizi anaingia nayo mpaka bafuni, ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu siku ile ilikuwa kabatini, kiwanda chao cha kushona kinafungia simu za wafanyakazi mpaka saa ya chakula, na alipoifungua akakuta simu tatu za mama yake alizozikosa, na jirani alikuwa ameshamkuta mama kaketi sakafuni, kaegemea kitanda, amekwisha kupoa. "Mama ameniita nikawa sipo," ndivyo alivyolia msibani, neno hilo hilo, sipo, sipo, shangazi zake wakimshika mikono, na alipomgeukia mumewe, "Wewe hakukupigia?", mumewe akasema, akaisikia sauti yake inasema, laini kabisa, "Simu yangu ilikuwa imezima"... "kama unasikia mvumo, kagua waya wa ardhi"... ilikuwa imezima, neno dogo, akafikiri litapita na siku ile, kumbe lilivua viatu likaketi, kila asubuhi linakunywa nao chai, na mke wake anazidi kupungua maneno kama redio inayoishiwa betri, na yeye anamtazama apungue... karatasi imekwisha. Sindano ipo pale pale. Mstari wa mwisho ni anwani ya waliotengeneza, ameusoma, na mdomo haujafunga, unaendelea, sauti ile ile ya kuhesabia matofali.

"Mama alinipigia. Siku ile, saa nne kasoro kumi. Simu haikuwa imezima, ilikuwa hapa mezani, niliona jina lake, nikajua ni redio, nikasema nimalize hiki kwanza, nikaigeuza kifudifudi. Akapiga tena. Nikaiacha iite. Wewe hukuwa na kosa. Simu yako ilifungiwa, yangu niliifunga mwenyewe."

Anaondoa kidole kwenye swichi ya kipaza sauti. Hapana kilichotokea. Fundi viatu chini anagonga soli, ko ko ko, na inawezekana kabisa mke wake ameshavuka daraja, mawimbi yamekufa njiani, wati moja kasoro ni kitu gani, taa ya friji inaushinda, na anagundua kwamba anaomba yawe yamekufa, na hapo hapo anaomba yawe yamefika, maombi mawili kwa pumzi moja, na hajui ni lini mara ya mwisho aliomba hata moja. Dakika moja. Mbili. Simu inatetemeka, na safari hii anaishika kwa mikono miwili.

"Nipo jengo la pili," anasema mke wake. "Juu, kwenye ngazi."

"Umesikia?"

Upepo kwenye simu. "Nimesikia."

"Inakwaruza?" anauliza, Mungu wangu, ndilo swali alilolipata, la fundi.

"Haikwaruzi." Kisha anauliza, "Alikupigia mara ngapi?"

"Mbili."

"Kwangu tatu." Anasikika akivuta pumzi, akiitoa. "Kwa hiyo alitutafuta wote. Nami nilikuwa nikilala nikijua alikuwa na mtu mmoja tu wa kumtafuta, na mtu mwenyewe mimi. Miezi mitano uliniona nikilibeba hilo. Ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

"Sijui nitarudi na maneno gani, fundi. Sijui kama nitarudi na mazuri."

"Rudi na hayo hayo."

"Sirudi sasa hivi." Kitu kinakwangua, labda redio inawekwa juu ya saruji. "Nimekaa. Sema tena, tangu mwanzo, alipopiga ya kwanza, ulikuwa unafanya nini, mkono wako ulikuwa wapi, usiruke. Na si kwenye simu. Semea huko huko, nataka nikusikie bila wewe kunisikia mimi."

Amekata, na sindano iko kwenye wati moja kasoro kidogo, na jua kwenye meza halijasogea upana wa kidole, lakini koo linamuuma, linamuuma kweli, kama mguu uliokaliwa ambao damu sasa inaurudia, na maji yanamtoka puani kwanza, kama kwa watoto, kabla ya machoni, na anabonyeza swichi.

"Nilikuwa nimeshika koleo," anasema.