Kama Lilivyotoka Kiwandani

Mtaani walimwita Kiwandani, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia katika chumba kidogo nyuma ya kliniki, na huko hakuna aliyewahi kumlalamikia. Watu waliingia na mapengo wakatoka wanacheka. Balaa lilianza siku alipoletewa gari la marehemu baba mkwe wake, gari la zamani la mbio, la viti viwili, lenye pua ndefu na paa la turubai. Kuanzia hapo, kila ukimuuliza kazi inaendeleaje, jibu lilikuwa hilohilo. "Nataka liwe kama lilivyotoka kiwandani." Alilisema kwa jirani, kwa mgonjwa aliyekuja kupimwa meno ya juu, hata kwa muuza maziwa ambaye hakuwa ameuliza kitu.

"Na mimi je," mkewe alimuuliza asubuhi moja, "lini utanirudisha kama nilivyotoka kiwandani?"

"Wewe vipuri vyako havipatikani," akajibu, akakimbilia bandani kabla kijiko hakijamfikia.

Gari lilikuja na sharti. Baba mkwe, fundi bomba aliyelinunua likiwa kiunzi na kulifufua kwa mikono yake, alipofariki, mama mkwe alihamia kwa binti yake na masanduku mawili, cherehani, na lile gari juu ya lori. Alimkabidhi mkwe wake funguo sebuleni, mbele ya mkewe, ili pasiwe na maneno baadaye.

"Mwanangu, gari nakupa wewe kwa sababu una mikono. Lakini siku likiamka, wa kwanza kushika usukani ni mimi. Nitalipeleka mpaka kwa dada yangu ng'ambo ya mji, peke yangu, asiniendeshe mtu. Tangu baba yenu aondoke nabebwa kama gunia. Nimechoka."

"Sawa, mama," akasema, akiangalia vigae.

Vigae alivijua sana. Mbele ya mama mkwe macho yake yalikuwa chini siku zote, na aliongea naye kama mtu aliyeitwa barazani kujieleza. Mama mkwe alikuwa na mguu wa kushoto mwembamba, uliokufa tangu utotoni kwa ugonjwa wa kupooza. Alitembea kwa fimbo, akiutupa mbele kwa nyonga. Mkwe aliujua huo mguu kama tunavyojua mambo ya wakwe, yaani kwa kujifanya haupo. Hakuuzungumzia, hakuuangalia, na kwa kuwa alijihesabu mtu mwenye adabu, alifika mahali hata kuufikiria aliona ni utovu wa heshima.

Basi akaingia kazini. Banda la uani akalitia kufuli, asiingie mtu wa nyumbani mpaka siku ya siku, maana alitaka wote washangae. Mkewe alifurahi tu kwamba harufu ya rangi imefungiwa huko. Kiwandani akang'oa viti, akang'oa zulia, akakuta sakafu ya gari imeliwa na kutu, ukiigusa inavunjika kama biskuti. Akaikata, akachomelea bati jipya. Njia nyembamba za kabureta alizisafisha kwa vile visindano vya kazini kwake, na bampa akazing'arisha kwa dawa ya kung'arishia meno, zikakubali. Chini ya mpira wa mlango akagundua rangi ya asili, kijani cha chupa, akatembea na kipande chake mfukoni wiki nzima akitafuta duka la kuichanganya. Tuseme haki: mkono alikuwa nao.

Alikuwa pia na kundi lake kwenye simu, la wapenda magari ya kale. Hawa walikuwa watu wa imani moja. Skrubu isiyo ya asili kwao ilikuwa dhambi, na redio mpya ilikuwa sababu ya kumnunia mtu. Wawili kati yao walikuwa wakija Jumamosi kuangalia kazi: Wakili, aliyekuwa wakili kweli, na Mzee Spea, aliyeuza vipuri na kusema bei kama anatoa rambirambi.

Jumamosi moja wakakuta wenzo ndani ya gari.

Ulikuwa kando ya gia, umesimama kutoka sakafuni: kipande cha bomba la maji, kimepindwa, kimechomelewa chini kwenye pedali ya klachi kwa malehemu mazito yenye mabonge. Katikati kulikuwa na jino la chuma la kuushikilia. Juu, kwenye mshikio, ulizungushiwa mpira wa tairi la baiskeli, na juu ya mpira kitambaa cha maua kilichofifia kwa mikono.

"Hili ni bomba la choo," Wakili akasema. "Jamani, mtu kaweka bomba la choo ndani ya gari kama hili."

"Wengine wangefungwa mikono kwa kamba," Mzee Spea akasikitika.

Kiwandani akaushika ule wenzo, akajipindisha kwenye kiti alichokuwa amekirudisha, akatumbua macho kama dereva aliyepoteza breki, na Wakili akampiga picha. Kiwandani akaituma kundini na maneno yake mwenyewe chini: "Aliyetengeneza hii afungwe, na funguo zitupwe." Vicheko vikamiminika simuni. Watatu hao walicheka mpaka Mzee Spea akashika mbavu, na dirisha la chumba cha mama mkwe, linalotazama uani, lilikuwa wazi, pazia linapepea.

Jioni hiyo mama mkwe hakula sana. Alisema kichwa.

Kesho yake Kiwandani akawasha grenda, akaukata wenzo chini kabisa, akasaga yale malehemu mpaka pedali ikawa laini kama ya picha za kitabuni. Vipande akavitupa pamoja na bati za kutu, na mnunuzi wa vyuma chakavu alipopita akabeba vyote kwa mkokoteni. Hata jina hakulitafuta la kile alichokikata. Katika kichwa chake lilikuwa kosa, na yeye alikuwa amelisahihisha.

Siku ya siku ikafika, Jumapili asubuhi. Gari lilitolewa bandani linang'aa, injini ikiunguruma kwa utulivu, na majirani wakajaa getini. Wakili na Mzee Spea walikuja na miwani ya jua. Mama mkwe alitoka amevaa gauni la kutokea, mkoba begani, manukato kidogo. Alikuwa ameshampigia dada yake simu aweke chai. Akalizunguka gari lote polepole, akilipapasa, akafika mlango wa dereva na kumpa binti yake ile fimbo.

"Shika. Huko sitaihitaji."

Akaingia, akauingiza mguu wake kwa mkono kama mtu anayepanga mzigo, akajiweka sawa. Kisha bila kuangalia, akateremsha mkono wa kushoto kando ya gia. Ule mkono ulijua unakwenda wapi. Ukafika, ukafumba, ukafumba hewa. Ukapapasa mbele kidogo, nyuma kidogo, ukagusa zulia jipya.

"Hendibreki iko huku, mama," Kiwandani akasema, akiinama kwa furaha.

Mkewe alikuwa amesogea dirishani. Alitazama ndani, akamtazama yeye, na sauti yake ilitoka ndogo. "Wenzo wa mama uko wapi?"

"Wenzo gani?"

Na neno hilo likiwa bado mdomoni, akajua. Yote yakaja pamoja, mguu, klachi, bomba, sharti la sebuleni, na kile kitambaa cha maua, ambacho sasa alikumbuka amekwisha kukiona mahali, kwenye foronya ya mto wa mama mkwe. Damu ilimpanda usoni mpaka masikio yakauma. Alitamani ardhi ipasuke, na ardhi ilikuwa saruji aliyoimwaga mwenyewe. Mtu anaweza kuona aibu kwa kuanguka mbele za watu, akainuka, akajifuta vumbi. Hii haikuwa na vumbi la kufuta. Aliushika wenzo huo mikononi, akaujua hadi mabonge yake, akaushika akicheka.

"Liondoe, mama," Wakili akapaza sauti kutoka getini. "Tuonyeshe."

Mama mkwe aliurudisha mkono wake mapajani taratibu, akaushika kwa mkono wa pili. Akawageukia watu na tabasamu la mgeni.

"Macho yangu leo yananisumbua," akasema, kwa sauti ya kusikika. "Limependeza sana. Limekuwa kama lilivyotoka kiwandani. Mwanangu, niendeshe wewe."

Watu wakapiga makofi. Alihamia kiti cha pili, na Kiwandani akaendesha, maana angekataa angetoa sababu gani? Walizunguka mitaa ya karibu. Gari lilikwenda vizuri mno, na kila gia iliyoingia kwa ulaini ilimchoma. Mama mkwe akatoa simu mkobani.

"Dada, leo siji," akasema. "Hapana, gari ni zima. Mimi ndiye mbovu kidogo."

Waliporudi, mkewe hakumgombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimwuliza tu, wakiwa jikoni, "Hukuniuliza kwa nini? Ungesema neno moja." Alitaka kujibu kwamba alitaka kuwashangaza. Aliona jinsi jibu hilo lilivyo, akalimeza. Kisha akaichukua simu, akaifuta ile picha, kana kwamba picha ndiyo iliyokata.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akaenda kwenye yadi ya vyuma chakavu. Alipindua mabati, akakatwa kiganja, akauliza kila mtu. Mnunuzi alimsikitikia kidogo. "Mzigo ule ulishaondoka, kaka. Saa hizi ni nondo ya mtu." Alirudi kwa miguu, na njia nzima alikuwa akijitafutia la kusema, akitupa, akitafuta jingine.

Mama mkwe alikuwa chumbani anashona. Kiwandani alibisha hodi, akaketi sakafuni karibu na cherehani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kwa mara ya kwanza tangu aoe akamtazama usoni.

"Mama, niliukata mimi. Na nilicheka. Ulisikia?"

"Nilisikia. Nilikuwa nyuma ya pazia nakunja nguo." Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Watu hucheka, hata mimi niliucheka ulipokuwa mpya. Sikujua mtaukata."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekuwa umeniuliza ningekuambia. Wewe hunisemeshi, mwanangu. Unaongea na vigae."

Hakuwa na pa kuficha uso. "Naomba nikuulize sasa," akasema. "Kuhusu mguu wako. Na mkono wako unapofika. Nataka kuutengeneza upya, lakini siukumbuki. Niliusaga sana."

Mama mkwe akatafuta fimbo yake. "Twende bandani."

Aliketi kwenye kiti cha dereva, akafumba macho, akateremsha mkono. Kiwandani alipiga magoti nje ya mlango na kipande kipya cha bomba, na bakuli la maji ya moto lenye nta ya waridi, ileile anayochukulia alama za ufizi wa watu. Aliizungushia nta juu ya bomba. "Shika, mama. Kama ulivyokuwa ukishika." Vidole vyake vikazama, kila kimoja mahali pake. Mama mkwe alimwonyesha jinsi goti linavyoegemea, jinsi mguu ule usivyoweza hata kukaribia pedali, na yeye akatazama, akaupima kwa futi, na dunia haikuanguka.

"Mshikio nimeupata," akasema. "Tatizo ni chini, pale ulipoungwa na pedali. Kulikuwa na kipinda."

"Kilikuwa kimekaa kiajabu," mama mkwe akakubali. "Baba yenu hakukipata mara ya kwanza. Siwezi kukueleza kwa mdomo." Akafumbua macho. "Ile picha mliyopiga siku ile. Nipe niione. Baba yenu hakuwahi kuupiga picha, sina nyingine."

Kiwandani alihisi nta ikipoa mikononi. Picha alikuwa ameifuta. Ilibaki kwa wenzake tu, huko simuni mwao, chini ya vicheko vyote vile. Aliketi chini kabisa, akaandika mbele yake, na mama mkwe akasoma juu ya bega lake herufi baada ya herufi: "Nani bado ana ile picha ya wenzo niliyoituma tukacheka? Naiomba. Wenzo ni wa mama yangu, wa kuendeshea, kwa sababu ya mguu. Aliutengeneza marehemu mume wake. Niliukata mimi."

Baada ya muda picha ikaja kutoka kwa Wakili, bila neno.

Mama mkwe aliipokea simu kwa mikono miwili. Alimwona mkwe wake amejipindisha kitini, macho yamemtoka, mdomo wazi kwa kicheko, na chini yake yale maneno ya kufungwa mtu. Aliyasoma. Kiwandani alimwona akiyasoma mpaka mwisho, na hakuweza kuondoa macho, wala hakujiruhusu.

Kisha mama mkwe akaweka vidole viwili juu ya kioo, akaikuza picha, akaikuza tena, mpaka uso wa mkwe ukatoka nje, vikabaki bomba na kitambaa cha maua peke yake.

"Hapa," akasema, akigusa. "Hapa ndipo palipopinda. Angalia vizuri."