Uchi Saunani, Mdomo Kufuli

Wanaume wa Ufini wana mambo. Watakaa saunani, kwenye chumba cha mvuke, uchi kama walivyozaliwa, bega kwa bega na shemeji na jirani, lakini la moyoni hulisikii ng'o. Ensio alikuwa hivyo hivyo. Tangu mwaka juzi jogoo wake hapandi mtungi, na badala ya kwenda kwa daktari, akahamia chumba cha pili akisingizia mgongo.

Raili, mkewe, hakuuamini huo mgongo. Alijiambia amezeeka, amechujuka, mume hamtaki tena. Iliuma sana, ila hakuuliza. Naye si wa huko huko?

Majira ya baridi kifua kikambana Ensio, akapewa dawa ya kupuliza chini ya ulimi. Daktari akamuuliza kama ana tatizo jingine. Akasema hana. Laiti angesema, angeambiwa kwamba mishipa ya kule chini mara nyingi hulalamika kabla ya moyo, na kwamba tiba ipo.

Mkesha wa Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, wakaenda kwenye nyumba yao ya ziwani. Ensio alikuwa amenyoa ndevu, ametandika kitanda cha wawili, anapiga mluzi. Saunani akamshika mkewe mkono. Raili akaona haya kama mwari, na furaha ikampanda.

Mara Ensio akashika kifua. Raili akamkokota nje, akamkalisha kwenye benchi, akaleta ile dawa.

"Labda tusiitumie leo," Ensio akasema.

"Kwa nini?"

Akamtazama mkewe. Midomo ikacheza kidogo.

"Basi tu," akasema, akafumbua kinywa.

Raili akapuliza. Haukupita muda Ensio akalegea, akamwangukia.

Wahudumu wa gari la wagonjwa walipofika, mmoja akauliza kama mzee amemeza dawa ya nguvu za kiume, maana ikikutana na ile ya moyo, damu hushuka mpaka mtu anazimika.

"Ya nini?" Raili akajibu. "Huyu hajanigusa mwaka wa pili huu."

Walihangaika naye pale pale nyasini, wakashindwa.

Raili akachukua joho la kuogea la mumewe amfunike. Mfukoni mkatoka pakiti ya vidonge, kimoja kimetolewa. Akakaa chini kando yake, mkono umefumbata pakiti.

"Ungeniambia, Ensio," akasema. "Mimi nilidhani hunitaki."