Harufu ya Mkonge

“Inua mkono, wifi,” Shangazi Bertha alisema, na mama yangu, mtu mzima mwenye watoto wanne, akauinua.

Tulikuwa uani kwa shangazi, mtaa wa Mabawa mjini, asubuhi ya kipaimara changu. Mimi nilishavaa gauni jeupe. Mama ndiyo kwanza ameshuka basi la kutoka Maramba, ameshaogeshwa mara moja kama mtoto, kitenge chake kizuri kimelowa mabegani. Shangazi akasogeza pua, akanusa kwapa, akatikisa kichwa.

“Bado. Mkonge huo. Rudi ukasugue.”

Mama akacheka kicheko cha mtu asiyejua auweke wapi uso wake. Akarudi bafuni.

Kunuswa huko nilikuzoea. Niliishi kwa shangazi kwa ajili ya shule, na kila asubuhi alininusa mlangoni kabla sijatoka. Sikatai, alinifundisha mengi: mswaki kabla ya kulala, dodoki mgongoni, ndimu kwapani, jiwe kwenye visigino, na kuanika vitambaa vyangu vya mwezi juani bila kuona haya. Mpaka leo watu husema Loveness ni msafi. Lakini kila somo lake lilikuwa na mkia: “Usije ukanuka kama mama yako.”

Mama alifanya kazi kwenye mashine ya kuchakata mkonge. Majimaji yake yakishakukolea, harufu ile ya uchachu haitoki kwa sabuni. Kwangu mimi ilikuwa harufu ya mtu aliyerudi nyumbani salama.

Usharikani kwetu, mchungaji akimwekea mtoto mikono, mzazi husimama nyuma na kumshika bega. Mkono huo nilikuwa nimeungoja mwaka mzima.

“Twende, tunachelewa,” shangazi akasema.

“Na mama?”

“Atatukuta, akishatakata.”

Dodoki lilikuwa likikwaruza bafuni, haraka haraka. “Natoka, mwanangu!” mama aliita. Shangazi alikuwa ameshanishika mkono, ananivuta barabarani.

Nilipopiga magoti, bega langu lilishikwa na mkono unaonukia marashi. Niliuchukia mkono ule, na nauchukia hadi leo, ingawa shangazi mwenyewe tulishamzika, tena kwa sifa tele. Mama nilimwona baadaye, benchi la mwisho karibu na mlango, shingo imechubuka kwa kusugua. Kwenye picha ya siku ile amesimama pembeni, mikono ameificha nyuma, na kati yetu ameacha nafasi ya kumtosha mtu mwingine.

Mwaka jana nilikwenda Maramba bila kumpa taarifa. Mkonge aliuacha zamani, siku hizi analima mihogo yake tu. Nilimkuta uani anachambua mchicha.

“Shikamoo, mama!” Nikamwendea mikono wazi.

“Marahaba, Love wangu!” Akainuka, uso wote furaha. Kisha akarudi nyuma, akabana mikono yake mbavuni. “Ngoja. Ngoja kwanza nikaoge.”

“Mama, hunuki chochote.”

“Nitakuchafua,” akasema, na ndoo ilikuwa mkononi tayari.

Nikabaki nimesimama na mikoba yangu. Nyuma ya makuti ya bafu dodoki likaanza kukwaruza, likakwaruza, mpaka nikashindwa kuvumilia, nikaenda nikasimama nje ya mlango.

“Mama, inatosha. Umetakata.”

Maji yakamwagika. Dodoki likaanza tena.

“Bado,” akajibu.